Mlezi akifariki, mtoto asirudishwe mwanzo: barua ya wazi kuhusu pesa za Inua Jamii

Kwa Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii, na kwa Katibu wa Idara ya Ulinzi wa Jamii na Maslahi ya Wazee, Nairobi.

Nakala kwa maafisa wa kaunti ndogo, machifu na manaibu wao, na kamati za maslahi ya wanufaika.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia sisi tunaokaa na walezi siku ya kujaza fomu, tunaowasomea kinachoulizwa, na tunaorudi nao ofisini pesa zinapokatika. Hatuombi mpango mpya. Tunaomba ule uliopo ufanye kazi ulioanzishiwa.

Ndani ya Inua Jamii, mpango wa Serikali ya Kenya wa kuzipa pesa kaya maskini, kuna mifuko miwili inayomgusa mtoto. Mmoja ni wa mayatima na watoto walio katika mazingira magumu, ulioanza kwa majaribio mwaka 2004 katika Kwale, Garissa na Nairobi, kwa kaya 500 zilizolipwa shilingi 500 kwa mwezi. Wa pili ni wa watu wenye ulemavu mkubwa, ulioanza mwaka 2011, na watoto wengi wamo humo. Leo kila mfuko hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi. Katika mifuko yote miwili mtoto ndiye sababu ya malipo, lakini jina linalolipwa ni la mlezi. Kitambulisho ni chake, vidole ni vyake, laini ya simu na akaunti ni zake. Haki ya mtoto imefungwa kwa mtu mzima mmoja, mara nyingi ajuza au mama aliyechoka, na siku mtu huyo anapoaga dunia, anapolazwa, anapohama au vidole vyake vinapokataa kusomeka, mtoto hukatika pamoja naye.

Ombi letu kubwa ni hilo: haki imfuate mtoto. Mengine tunayoyaeleza hapa yanatoka humo au yanarudi humo.

Tuanze na mlango wa kuingilia. Mlezi akiuliza aanzie wapi huambiwa aende kwa chifu. Jibu hilo ni sahihi, ila ni nusu ya jibu. Chifu hana fomu anayoweza kuifungua siku yoyote. Usajili huja kwa awamu, bajeti inapotoa nafasi. Kaya huhojiwa nyumbani kwa maswali yaliyo kwenye tableti: wanalala wangapi, paa ni la nini, sakafu, choo, maji ya kunywa, mifugo, vyombo. Majibu hupigiwa hesabu, hesabu hutoa alama ya umaskini, kisha majina huthibitishwa barazani. Mlezi asiyejua mpangilio huu hukaa miaka akienda kwa chifu kila Jumatatu na kurudi mikono mitupu, akiamini ananyimwa, kumbe hakuna awamu iliyofunguliwa. Tangazo moja lililobandikwa kwenye zahanati, shuleni, kanisani na msikitini siku 14 kabla ya wahojaji kufika lingeondoa nusu ya uchungu huo. Liandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji.

Siku ya mahojiano ina mitego yake. Mtoto mwenye kifafa au mtindio wa ubongo ana siku za kliniki; mhojaji akibisha siku hiyo, nyumba ni tupu na kaya inarukwa. Tunaomba kaya isiyopatikana ifikiwe mara tatu, siku tofauti, na ujumbe uachwe kwa jirani au mzee wa mtaa. Pia tableti huhesabu mali bila kuhesabu gharama. Bibi anayeishi katika nyumba ya mabati aliyoijenga mwanawe kabla hajafariki huonekana ana nafuu kuliko jirani wa nyasi, ingawa ndani ya mabati hayo kuna wajukuu wanne na hakuna anayefanya kibarua. Mbuzi wa kuwekewa, walio mali ya mtu mwingine, huhesabiwa wake akijibu kwa haraka kwamba “wapo sita”. Walezi tunawaambia wajibu kweli yote: mbuzi ni wa nani, nyumba iliachwa na nani, nani analala hapo usiku na nani huja tu wikendi. Nanyi tunawaomba muongeze maswali matatu kwa kaya yenye mtoto mwenye ulemavu: mlezi hawezi kumwacha mtoto saa ngapi kwa siku, anakwenda kliniki mara ngapi kwa mwezi, na hununua nini kila wiki ambacho mtoto mwingine hahitaji. Mama asiyeweza kutoka kwenda kibarua kwa sababu mtoto hawezi kujigeuza kitandani amepoteza ujira wote wa siku, na alama ya umaskini haioni hilo.

Kisha karatasi. Kinachoombwa ni kitambulisho cha mlezi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha kifo cha mzazi kwa mtoto yatima, na uthibitisho wa ulemavu kwa mtoto anayeingia katika mfuko wa pili. Kila moja ina namna yake ya kukwama.

Mtoto aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kupitia kwa naibu wa chifu. Ndani ya miezi sita kazi ni nyepesi. Ikipita miezi sita, usajili unakuwa wa kuchelewa na ushahidi unaotakiwa unaongezeka. Sasa fikirieni mama aliyefariki mtoto akiwa na mwaka mmoja, kitambulisho chake kikazikwa naye au kikapotea msibani. Bibi anayebaki ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuzaliwa kwa mtoto ambaye hakumzaa, kwa karatasi za mtu aliyekufa.

Cheti cha kifo ni shida zaidi, kwa sababu watu wengi huamini tayari wanacho. Walichonacho ni kibali cha mazishi. Kibali kinaruhusu mwili uzikwe, basi. Hakithibitishi kifo mbele ya ofisi yenu. Familia hukihifadhi kwa uangalifu miaka mitatu, siku ya fomu wanakitoa, wanaambiwa sicho, na ndipo safari ya kutafuta cheti inapoanza. Manaibu wa machifu wanaotoa vibali hivyo wangeweza kumwambia mfiwa hapo hapo: kuna mtoto hapa, nenda ukachukue cheti mapema. Agizo kama hilo kutoka kwenu halihitaji bajeti.

Kuna pia mtoto ambaye cheti chake hakina jina la baba. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba kifungu kilichozuia mama asiyeolewa kuandikisha jina la baba kinakiuka Katiba, lakini vyeti vya kabla ya hapo bado vimo mikononi mwa walezi. Mtoto huyo, baba yake akifariki, hawezi kuleta cheti cha kifo cha mtu ambaye kwenye karatasi hamjui. Akilelewa na shangazi, huonekana ana mama aliye hai mahali fulani na baba asiyekuwapo kamwe. Hapo neno la afisa wa watoto, baada ya kutembelea nyumba, linapaswa kutosha.

Tunapendekeza hivi. Kijitabu cha kliniki ya mama na mtoto, barua ya mwalimu mkuu na barua ya afisa wa watoto vikubaliwe kwa muda wa miezi sita, mtoto aingizwe, na katika miezi hiyo idara yenu ndiyo iandikiane na msajili wa vizazi na vifo. Ofisi zote mbili ni za Serikali moja. Ajuza wa miaka 68 asiwe tarishi kati yazo.

Kwa watoto wenye ulemavu, tatizo kubwa liko kwenye maneno ya daktari. Tathmini hufanywa katika hospitali ya umma, kisha Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu humsajili mtoto. Fomu ikirudi imeandikwa jina la ugonjwa pekee, mfuko hauna la kushika, kwa sababu unauliza jambo lingine: je, mtu huyu anahitaji kuangaliwa saa 24? Mtindio wa ubongo unaweza kuwa wa mtoto anayetembea na kusoma, au wa mtoto asiyeweza kumeza. Mlezi amwombe daktari aandike mtoto hawezi nini: kula mwenyewe, kwenda choo, kujigeuza, kukaa bila kushikwa, kusema anapoumia. Ahakikishe muhuri na sahihi vipo kabla hajatoka nje ya lango, maana kurudi ni nauli nyingine na mtoto wa kubebwa mgongoni.

Watoto wadogo huonewa zaidi hapa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiyekaa wala kushika kitu huambiwa kwamba kila mtoto wa umri huo hulishwa na kuoshwa, arudi akikua. Miaka hiyo ndiyo ambayo mazoezi ya viungo humsaidia kuliko baadaye, na ndiyo mama anapoachia kazi. Watathmini wapewe mwongozo wa umri: mtoto alipaswa kufanya nini sasa, na yuko nyuma kiasi gani.

Tufike sasa kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Mlezi akifariki, kwa kawaida familia hupita njia hii. Huripoti kifo kwa naibu wa chifu. Hutafuta cheti cha kifo. Ukoo hukaa na kukubaliana nani atachukua watoto, na chifu huandika barua. Afisa wa kaunti ndogo hujaza fomu ya kubadilisha mlezi na kuambatisha kitambulisho cha mlezi mpya. Taarifa hupanda hadi makao makuu kuhakikiwa. Akaunti au laini mpya hufunguliwa. Kisha husubiriwa mzunguko ujao wa malipo. Kila kituo kina foleni yake na hakuna chenye siku ya mwisho. Familia ikiuliza chifu, barua ilishaenda. Ikiuliza kaunti ndogo, fomu ilishapanda. Nairobi haina mlango wa kubisha.

Watu wanalijua hilo, ndiyo maana vifo vingine haviripotiwi. Tunaliandika waziwazi ingawa linawaweka walezi pabaya. Familia inayomzika bibi Ijumaa inajua kwamba Jumatatu ikiripoti, pesa za watoto zitasimama bila kujulikana hadi lini. Kwa hiyo kadi na namba ya siri hubaki kwa mjomba, pesa zinaendelea kutolewa, na mara nyingine kweli zinawalisha watoto. Mara nyingine mjomba anazila, na watoto hawana pa kulalamika kwa sababu kifo chenyewe kimefichwa. Uhakiki wa uhai, yaani ukaguzi wa kujua nani bado yu hai, ukifika, akaunti inafungwa, familia inaitwa walaghai, na watoto wanaondolewa kwa kosa ambalo si lao. Mkitaka vifo viripotiwe, kuripoti kusiwe hasara kwa mtoto.

Mambo manne yangetibu hili. La kwanza, kila kaya iandikishe walezi wawili siku ile ile ya kwanza, na wa pili achukuliwe taarifa zote: kitambulisho, vidole vya mikono yote miwili, namba ya simu iliyojaribiwa. Jina la pili lililoandikwa kando ya fomu bila vidole halimsaidii mtu. La pili, kifo kikiripotiwa, mlezi wa pili alipwe mzunguko unaofuata kwa barua ya naibu wa chifu na ya afisa wa watoto, na cheti cha kifo kiletwe baadaye ndani ya miezi sita. La tatu, pesa ambazo hazikuchukuliwa katika kipindi cha kubadilisha zihifadhiwe kwa jina la mtoto na zilipwe zote kama malimbikizo. La nne, fomu ya kubadilisha mlezi iwe na siku 30 tangu ipokewe kaunti ndogo hadi ijibiwe, na afisa aliyeipokea aandike tarehe na jina lake mbele ya mlezi.

Kwa nyumba inayoongozwa na mtoto, mkubwa akiwa na miaka 15 au 16 na hana kitambulisho, taratibu za sasa huishia kumtafutia mtu mzima yeyote aliye karibu. Watoto waulizwe wanamwamini nani. Mtu huyo apokee kwa niaba yao, afisa wa watoto akikagua kila mzunguko, na mkubwa atakapofikisha miaka 18 na kupata kitambulisho apokee mwenyewe maadamu wadogo zake bado hawajafika umri huo.

Bibi aliyefikisha miaka 70 ana kisa chake. Kwa umri huo anastahili mfuko wa wazee, na mjukuu wake anastahili mfuko wa mayatima. Kanuni ya kutopokea kutoka mipango miwili humlazimu achague, na shilingi 2,000 zikabaki zile zile. Fedha za wazee hulipa uzee wake. Za mjukuu humlipia mtoto ambaye angekuwa mikononi mwa mtu mwingine kama bibi asingekuwapo. Kuziunganisha ni kumwambia ajuza kwamba mjukuu amlee kwa pesa zake za uzeeni. Tunaomba kanuni hiyo isimhusu mlezi wa mtoto.

Vidole navyo. Waliopalilia, kuosha nguo za watu na kuponda kokoto maisha yao yote hawana tena mistari ambayo mashine inaisoma. Siku ya kusajiliwa, vidole vyote kumi vichukuliwe, maana cha mwisho na cha pete huchakaa polepole kuliko gumba. Mikono ioshwe na kukaushwa kwanza. Na mashine ikikataa mara tatu, pawe na njia nyingine iliyoandikwa: kitambulisho, mlezi wa pili kama shahidi, na idhini ya afisa siku hiyo hiyo. Kumrudisha mtu kilomita nyingi kwa sababu ya kidole ni kumkatia malipo bila kusema umemkatia.

Laini ya simu huleta shida ndogo yenye madhara makubwa. Ajuza wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mwana au mkwe. Majina yasipolingana, malipo hurudi. Kwenye laini ya Safaricom, kubonyeza *106# huonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mwenye laini. Kazi ya dakika moja ambayo msajili angeweza kuifanya hapo mezani. Tofauti za herufi pia, kama Mohamed na Muhammad, au majina matatu yaliyopangwa kinyume, zisahihishwe kwa barua ya chifu mradi namba ya kitambulisho ni ile ile.

Na kiasi chenyewe. Shilingi 2,000 hulipwa kwa kaya, hata watoto wawe wangapi. Hazifiki shilingi 67 kwa siku. Nyumba yenye mayatima watano, kila mtoto ana 400 kwa mwezi, yaani takriban 13 kwa siku. Kiasi hicho hakijapanda kwa zaidi ya miaka kumi. Serikali hii hii ina Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi wa 2022 hadi 2032, unaotaka watoto watoke kwenye makao na kulelewa katika familia, na Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua malezi ya jamaa. Shangazi na bibi ndio nguzo ya mpango huo wote. Ongezeko liwe kwa kila mtoto, hata likianza dogo, na malipo yafike katika mwezi uliotajwa, kwa sababu pesa zinazochelewa miezi minne huwa zimeshakopwa dukani.

Jambo lililobaki ni jibu la “subiri”. Mlezi anayeambiwa asubiri anaweza kuwa katika hali nne zilizo tofauti kabisa. Huenda hakusajiliwa kamwe. Huenda alisajiliwa na alama yake haikufikia. Huenda alifikia na anangoja nafasi. Huenda alikuwa ndani na amesimamishwa. Wa kwanza anahitaji awamu ijayo, wa pili anahitaji rufaa, wa tatu anahitaji nambari yake kwenye foleni, wa nne anahitaji kujua kosa ili alirekebishe. Wote wanne wanapewa neno moja. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mpeni kila anayehojiwa karatasi yenye namba ya kaya, tarehe na jina la mhojaji, na anayeuliza ajibiwe kwa maandishi ni ipi kati ya hali nne. Nambari ya bure 1533 ingetosha kwa kazi hiyo kama anayepokea angeiona hali ya kaya kwenye skrini yake na kuruhusiwa kuisoma.

Kifungu cha 43 kinaitaka Serikali iwape hifadhi wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Mtoto hawezi kujikimu, na aliyekuwa akimtegemea amezikwa. Ndiyo hali iliyokusudiwa.

Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016 mna siku 21 za kujibu, nasi tunauliza mambo matatu tu. Ni kaya ngapi kwa sasa zina ombi la kubadilisha mlezi ambalo halijakamilika? Ombi la zamani zaidi kati ya hayo lina siku ngapi? Na pesa za watoto hao ambazo hazikulipwa katika kipindi hicho ziko wapi leo?

Wenu,
Tunaojaza fomu pamoja na walezi